Nani Alikaza Taya

Karatu mjini,
11 Machi 2024

Mwanangu Aneth,

Olais ameniambia asubuhi hii kwamba lori lake linashuka Malambo kwa mnada wa keshokutwa, akanipa nusu saa niandike. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni mwa karakana, maana umeme umekatika na ndani hakuonekani kitu. Ningekupigia simu, ila unayajua masikio yangu. Miaka thelathini na minne ya kelele za vyuma imeyamaliza. Mtu akinipigia nasikia upepo tu. Na huko mlipo naambiwa mtandao ni mpaka mtu apande kilimani. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Mkono unaendeleaje? Lucas ameniambia madaktari wa Arusha wamekuwekea chuma ndani, na kwamba dada yako Goodness amekuchukua ukae naye hapo zahanati anakofanya kazi. Amefanya vizuri. Nesi akiwa ndugu yako, huwezi kuficha maumivu.

Huku tunaendelea. Kile kioo kilichovunjika cha mlango wa mashine ya kompyuta, ile ya kuchonga vyuma, kimebadilishwa. Kazi yako ya kufunga taya, zile za kubana chuma kikizungushwa, nimempa Lucas, lakini hana subira. Wewe ulikuwa unazifuta taya kwa kitambaa kana kwamba ni vyombo vya kanisani. Yeye anazipachika na uchafu wake, halafu anashangaa chuma kikizunguka kinayumba.

Kuhusu ile barua ya kukuachisha kazi ambayo bosi Sylvesta alikuletea hospitali, mimi sikuwepo alipoiandika. Nilitaka ulijue hilo.

Nimekuwekea mbaazi kutoka shambani Daa. Mke wangu Martha amezichambua mwenyewe, pamoja na magoti yake yale. Anakusalimu na anakuombea.

Pumzika, mwanangu. Mambo ya karakana usiyafikirie.

Mwalimu wako,
Remigius


Malambo,
26 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, kwa siku tatu. Ukiona herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, usinicheke. Mkono wa kulia upo, unaonekana, ila vidole viwili havisikii kitu. Juzi niliushika mfuniko wa sufuria ukiwa wa moto, na mimi sijui mpaka nikasikia harufu.

Mbaazi tumezipokea, tumekula na jirani yetu Mama Ngoyai, ambaye ananiletea loshoro, mahindi yake na maziwa mgando, kila asubuhi na kunisimamia mpaka nimalize kibuyu. Mwambie mama Martha asante sana.

Unaniambia nisiyafikirie mambo ya karakana. Mwalimu, nina nini kingine cha kufikiria? Nakaa nje ya nyumba ya dada, naangalia mbuzi wakipita, na mikono yangu inafunga taya. Kila siku. Nazifunga tena zile taya tatu za chuma laini, boliti mbili kila moja. Nakaza kwa spana, narudia mara ya pili kama ulivyonifundisha. Au nadhani nilirudia. Hapo ndipo ninapokwama. Siku ile bosi alikuwa anatuharakisha, vile vifuniko vya pampu za visima vilikuwa vinasubiriwa na gari nje. Taya ya kwanza naiona vizuri kabisa. Ya pili naiona. Ya tatu naiona siku nyingine, na siku nyingine siioni.

Baada ya hapo nakumbuka nilizichonga taya zenyewe ndani zilingane na duara la kifuniko, nikaweka kifuniko, nikakibana, nikafunga mlango, nikabonyeza kitufe. Nakumbuka mlio wa mashine ukipanda. Ulipanda mno. Halafu sikumbuki tena mpaka kwenye gari, Lucas ananishikia kichwa.

Barua ya bosi inasema taya ililegea kwa uzembe wangu wa kutokaza boliti. Mwalimu, wewe ndiye uliyebaki na mashine tulipoondoka. Naomba uniambie tu: boliti zilikuwaje? Taya iliyolegea ilikuwa ipi? Nikijua nitatulia, hata kama ni mimi. Kinachonimaliza ni kutojua.

Mwanafunzi wako,
Aneth


Karatu mjini,
19 Aprili 2024

Mwanangu Aneth,

Barua yako ilichelewa. Lori la Olais lilikwama kwenye tope siku nyingi, mvua mwaka huu haina huruma. Huku ukungu unashuka kutoka msituni mpaka saa nne asubuhi, na kifua changu kinalalamika.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nakuomba usijitese. Mashine ile ililetwa ikiwa imeshatumika miaka mingi kwa watu, kioo chake kilikuwa kimechoka, mambo mengi yanaweza kutokea kwa pamoja. Boliti sikuzitazama sana. Kulikuwa na vurugu, watu wanaingia, watu wanatoka, damu sakafuni. Nilisafisha tu. Hata ningekuambia ni taya ipi, ingekusaidia nini sasa? Mkono ndio wa kushughulikia. Fanya yale mazoezi ya vidole, kanda unga, kamua kitambaa.

Mimi nimechoka, Aneth. Sikuambii ili unionee huruma. Nikiingia karakana asubuhi nakaa kwanza kwenye ngazi kama abiria. Bosi ananiuliza, "Mzee Remi, unaumwa?" namjibu ni umri. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Nataka nimalize kwa amani, nirudi Daa nilime dengu.

Nimekutumia daftari na kalamu mbili nzuri.

Remigius


Malambo,
5 Mei 2024

Mwalimu, shikamoo.

Asante kwa daftari. Herufi zimeanza kusimama, utaona.

Nina mambo mawili ya kukuambia, na yote nimeshayafanya, kwa hiyo usinizuie.

La kwanza. Unamkumbuka Mama Leonida, yule wa Arusha aliyekuja kwetu mwaka jana kuchongewa bushi za magari ya watalii, akasimama nyuma yangu saa nzima akinitazama ninavyopanga taya? Amefungua karakana yake mwenyewe, ana mashine mpya ya kompyuta, na anatafuta mtu wa kupanga programu na kufunga vyuma kwenye mashine. Alimpata dada kwa simu. Akamwambia, "Mimi nataka yule binti. Mkono nitausubiri." Dada alirudi kutoka kilimani anakimbia, anafikiri amebeba furaha.

Nimekataa. Goodness amekasirika, hajaongea na mimi siku mbili. Anasema nimekuwa mvivu wa kupona. Sivyo. Daktari wa Arusha alisema vidole vinaweza kurudi ndani ya mwaka. Lakini hata vikirudi, Mwalimu, mimi siviamini. Mtu asiyejua kama alikaza boliti au hakukaza hawezi kusimama mbele ya chuma kinachozunguka, na mwenzake amesimama pembeni. Safari ile niliumia mimi. Ingekuwa Lucas je? Ingekuwa wewe?

La pili. Lucas alinitumia salamu kupitia kwa Olais kwamba bosi Sylvesta anasema wewe ndiye msimamizi, kwa hiyo ulipaswa kuzikagua taya kabla sijawasha, na kwamba huenda akakuondoa kabla ya muda wako. Hilo sikuweza kulibeba. Nimemwandikia bosi barua. Nimekiri kwamba sikukaza taya ya tatu, kwamba ulinikumbusha na mimi nikapuuza. Nimeweka sahihi. Hukunikumbusha siku ile, najua, lakini umenikumbusha siku nyingine zote, kwa hiyo sioni kama nimedanganya sana.

Nilipokuja karakana nikiwa na cheti cha chuo na sketi ndefu, wote walisema binti atakaa ofisini aandike risiti. Wewe ukanipa ovaroli. Sijasahau. Maliza miezi yako kwa amani.

Aneth


Karatu mjini,
12 Mei 2024

Aneth,

Barua hii isome ukiwa umekaa, na dada yako awe karibu.

Ulikaza. Taya zote tatu. Boliti zote sita.

Nilizitazama. Nilikudanganya niliposema sikuzitazama. Taya moja ilikuwa inaning'inia, hiyo ndiyo aliyoiona Sylvesta. Lakini boliti zake mbili zilikuwa zimepinda, na boliti ambayo haikukazwa haipindi namna ile. Inachomoka yenyewe, imenyooka. Zako zilipinda kwa sababu zilishikilia mpaka mwisho. Baada ya kifuniko kuruka, kuvunja kioo cha mlango na kukuumiza, kisu kiliendelea na safari yake kama kilivyoagizwa, kikaigonga ile taya tupu. Ndipo ikalegea. Ililegea baadaye, Aneth.

Sasa kwa nini kifuniko kiliruka. Unajua tunavyoiagiza mashine: kadiri kisu kinavyokaribia katikati ya duara, iongeze mizunguko, ili chuma kikatwe kwa mwendo uleule. Na unajua kwamba katikati kabisa hesabu hiyo haina mwisho, ndiyo maana tunaandika mstari wa kikomo, kwamba hata iweje usipite mizunguko elfu moja na mia mbili kwa dakika. Programu ya vile vifuniko niliiandika mimi. Niliinakili kutoka kazi nyingine, nikawa nafuta mistari isiyohusika, na macho yamechoka, na bosi yuko mlangoni. Nikaufuta na mstari wa kikomo. Mashine ikapanda mpaka mwisho wa uwezo wake. Ule mlio unaoukumbuka ndio huo. Kwa mwendo ule taya nzito zinavutwa nje, zinaachia, hata zingekazwa na nani.

Kuufuta lilikuwa kosa la fundi. Lililofuata silo.

Mlipoondoka na gari nilibaki peke yangu. Nikaisoma programu kwenye skrini, mstari kwa mstari, nikaona ulipopaswa kuwa haupo. Nikauandika. Niliuandika palepale, nikahifadhi, kabla Sylvesta hajarudi. Vidole vyangu havikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Alipoingia akaangalia programu, akaona iko sawa. Akaangalia taya. Akauliza, "Nani alikaza taya?" Nikasema, "Aneth." Lilikuwa ni kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Barua yako ya kunitetea Sylvesta alinisomea jana ofisini, kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu. Alisema, "Unaona binti alivyo muungwana, Mzee?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikatoka, nikaenda nyuma kwenye lundo la vyuma chakavu.

Kesho ni Jumatatu. Saa ya chai wote wakiwepo nitasema. Nimeandika hii kwanza ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Nikishaikabidhi kwa Olais haiko mikononi mwangu tena.

Sikuombi chochote. Nenda kwa Mama Leonida.

Remigius


Daa,
20 Juni 2024

Aneth,

Sijapata jibu, na sikutegemea. Naandika kwa sababu kuna karatasi unayopaswa kuwa nayo.

Nilisema ile Jumatatu. Lucas aliweka kikombe chini, akatoka nje. Sylvesta hakupiga kelele. Alikwenda akasimama mbele ya mashine, amenipa mgongo. Kisha akasema, "Mzee Remi, mimi nilimpelekea barua ile kitandani. Nilimsomea mwenyewe, kwa sababu alikuwa hawezi kuishika." Nikamwambia najua. Akasema, "Naomba funguo." Nikampa.

Siku iliyofuata aliniita tukaandika maelezo, nikayatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nakala ni hii humu ndani. Sylvesta naye ameandika barua ya kuifuta ile yake. Anasema atakuja Malambo kuileta, barabara ikikauka. Mwonyeshe Mama Leonida zote mbili.

Mimi niko nyumbani. Ardhi bado ina unyevu.

Remigius


Malambo,
2 Julai 2024

Mzee Remigius,

Mimi ni Goodness, dada yake Aneth. Barua zako zote mbili zimefika.

Ile ya kwanza aliisoma amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mimi nachoma sindano za watoto chumba cha pili. Nilisikia amecheka. Nikatoka mbio, nikamkuta analia na kucheka kwa pamoja, anasema, "Nilikaza, dada, nilikaza." Nilifurahi, mpaka nilipoisoma mwenyewe.

Nimehudumia majeruhi wengi. Sijawahi kuona mtu akiacha kidonda cha mwenzake kinaoza miezi mitatu na dawa iko mfukoni mwake. Mbaazi zako tulizila hapa tukakuombea.

Tangu siku ile hajalitaja jina lako. Bosi wenu alikuja, alizungumza naye vizuri. Tafadhali usimwandikie tena. Akitaka ataandika yeye.

Goodness


Arusha,
14 Oktoba 2024

Mwalimu Remigius,

Nimekaa muda mrefu nikijiuliza nianze na shikamoo au nisianze. Nimeamua kuanza. Shikamoo.

Niko kwa Mama Leonida tangu Agosti. Kidole kimoja kimerudi, cha pili kinasikia baridi tu, hakisikii joto. Siku ya kwanza aliniambia nifunge taya mbele yake. Ilinichukua saa mbili na nusu kazi ya dakika ishirini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Hakuniharakisha. Nilipomaliza nikamwomba radhi kwa kuchelewa, akasema, "Nani anakufukuza?" Nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikawasha.

Nataka nikuambie kitu kimoja halafu tukiache. Kuufuta ule mstari, hilo nilishakuachia siku ileile niliposoma. Nimeshafuta mistari mingi maishani, wewe mwenyewe umeniokoa mara ngapi. Ila nilikuuliza. Nilikuandikia kwa mkono wa kushoto, siku tatu, nikakuuliza boliti zilikuwaje, ukaniambia nikande unga. Hilo sijalisamehe. Najaribu, siku nyingine nalisahau mpaka mchana. Sitaki uniandikie kuhusu hilo, wala usiniombe.

Nimeandika kwa sababu ya kazi.

Tuna pete za shaba za kuchonga, nyembamba, upana wa ukuta wake milimita mbili tu. Zikiwa kwenye taya zinapima duara kamili. Nikizifungua zinarudi zina pembe tatu, kila penye taya pamebonyea. Nimeharibu nne. Nimepunguza nguvu ya kubana, pete ikateleza. Mwenzangu wa hapa anasema haiwezekani kwa mashine hii, tupeleke Nairobi. Mimi nadhani inawezekana, ila sijui naanzia wapi, na hakuna mwingine ninayemjua wa kumwuliza.

Nijibu kazi tu.

Aneth


Daa,
21 Oktoba 2024

Aneth,

Marahaba.

Inawezekana. Usipeleke Nairobi.

Achana na taya nyembamba. Tafuta chuma laini, kata taya tatu pana sana, kila moja iwe kama kipande cha mkate wa duara uliokatwa mara tatu, ili zikifunga zikumbatie pete karibu yote na kati yao ubaki mwanya mdogo wa kupitisha karatasi nene. Pete ikibanwa pande zote kwa pamoja haina mahali pa kubonyea.

Zichonge ndani zikiwa zimebana kitu, zisiwe tupu. Weka kipande cha duara nyuma kabisa, bana kwa nguvu ileile utakayobania pete, ndipo uchonge. Ukizichonga kwa nguvu nyingine, siku ya kazi zitakaa vingine. Kipenyo kiwe sawasawa na cha nje cha pete, kisizidi wala kupungua. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Programu igawe mara mbili. Kwanza ondoa chuma kingi, ubakize robo milimita. Simamisha mashine, legeza taya, iache pete ipumue mpaka ipoe, kisha bana tena kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo. Ndipo umalize kwa kisu kikali kipya, kwa kupita mara moja. Shaba haipendi kuguswaguswa.

Ukiitoa, ipime ikiwa kwenye meza, sio kwenye taya. Geuza, pima tena. Ya kwanza huenda ikakataa kidogo. Ongeza upana wa taya kabla hujabadilisha kitu kingine. Ya pili itakubali.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na mambo mengine ndani, nikazichana. Hii ina kazi tu.

Remigius